Mkono wa Kulia wa Kinyozi

Nyumbani,
6 Februari

Binti yangu,

Usishtuke na mwandiko. Si kuku aliyepita juu ya karatasi, ni baba yako anaandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia uko likizo. Niliteleza pale saluni kwenye maji aliyomwaga Kipara, nikaangukia mkono, kifundo kikavunjika. Hospitali walinipasua, wakanitia kipande cha chuma na skrubu zake, wakanishona vizuri sana. Mshono umenyooka kama njia ya nywele niliyoichana mwenyewe. Plasta wameshaitoa. Sikukuandikia mapema kwa sababu ningekuandikia kwa mkono gani?

Simu usijisumbue kupiga. Mimi na simu na masikio yangu haya hatuelewani, utaishia kuongea na shangazi yako, na unajua dada yangu akisimulia jambo hutia chumvi mpaka likawa lingine.

Kazi inaendelea. Kipara ananyoa, mimi nakaa kwenye benchi la wateja nasimamia. Nimemfundisha kazi tangu ana nywele zake, sasa ni mtu mzima na wanawe, lakini ndoo ya maji bado hajajua pa kuiweka. Mkono nimeufunga kwa kile kitambaa cha shingoni nilichopewa hospitali, na watu wananiheshimu mno. Wanasema pole mzee, mimi naitikia, halafu wanaketi kwenye kiti changu na Kipara anawanyoa.

Najua kazi yako ndiyo hiyo ya kuwarudishia watu viungo vyao, kwa hiyo utataka kunifundisha. Nifundishe, lakini kwa adabu.

Baba yako

*

Kazini,
15 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nimesimama koridoni na wagonjwa wananisubiri. Nimekasirika, halafu nimelia, halafu nimecheka kwa hiyo njia ya nywele. Pole sana, baba yangu.

Sasa nisikilize. Hicho kitambaa cha shingoni kitoe leo hii. Kilikuwa cha siku za mwanzo tu. Mkono ulioshonwa na kutiwa chuma haurudi kwa kuning'inia, unakauka. Kovu linashikana na nyama ya chini, kifundo kinagoma, bega nalo linaona wivu linagoma. Watu wa namna hiyo nawaona kila wiki. Walikaa wanausubiri mkono upone wenyewe, wanakuja kwangu wakati umeshapita, na mimi sina la kuwafanyia zaidi ya kuwapa pole. Miezi hii ya mwanzo ndiyo yenyewe. Ukiipoteza, wembe hutaushika tena. Sikutishi, baba. Nakwambia hivyo kwa kuwa nawajua wanaume wa nyumba yetu, mkiumwa mnakaa kimya mkitegemea ugonjwa utaona aibu uondoke.

Nenda chumba cha mazoezi cha hospitali yenu, usikose. Na nyumbani utie mkono kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, ukunje kifundo uelekee chini, halafu juu. Kisha kiwiko kikiwa ubavuni, geuza kiganja kitazame juu, kama mtu anayepewa karanga. Hicho ndicho kitakachokusumbua kuliko vyote. Kitauma. Maumivu ya kunyooka yavumilie, yale ya kuchoma kama moto uache upumzike.

Siwezi kuja sasa, tumebaki wachache na wenzangu wako likizo. Kwa hiyo nifanyie hivi: laza mkono wa kulia juu ya karatasi, panua vidole kadiri unavyoweza, uuzungushie kalamu, unitumie. Nikiuona mchoro nitajua uvimbe umeshuka kiasi gani na vidole vimefunguka kiasi gani.

Msalimie shangazi. Mwambie akusimamie.

Mwanao

*

Nyumbani,
3 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Kitambaa nimekitupa. Chumba cha mazoezi naenda, na mtaalamu wa pale ananisifia mbele ya wagonjwa wengine mpaka naona vibaya. Kwenye beseni naingia asubuhi na jioni, dada analalamika hana pa kufulia. Kunja, kunjua, juu, chini, karanga napokea hata za jirani.

Mchoro wako huu hapa. Ona vidole vilivyofunguka. Mstari unatetemeka kidogo kwa sababu kalamu nimeishika kwa kushoto, na kushoto kwangu hakujasoma.

Usinihangaikie tena. Angalia wagonjwa wako.

Baba yako

*

Kazini,
12 Machi

Baba!

Nimepiga vigelegele koridoni, mkuu wa idara akatoka ofisini kuuliza kuna nini. Vidole vimefunguka vyote! Uvimbe hakuna! Sikutegemea hata nusu yake kwa muda huu. Nimeubandika mkono wako ukutani kwenye chumba changu cha kazi, na kila anayeniletea uvivu namwonyesha. Nawaambia huyo ni mzee wangu, kinyozi, na hana mtu wa kumsukuma isipokuwa yeye mwenyewe.

Najivunia wewe. Sikumbuki kama niliwahi kukuambia hivyo.

Mwanao

*

Kazini,
19 Machi

Baba,

Leo nilikuwa na mgonjwa, seremala, amevunjika kama ulivyovunjika wewe. Alikuwa amekata tamaa. Nikamshika bega nikampeleka ukutani kwenye mchoro wako, nikaanza kumwelekeza kwa kidole, hapa dole gumba, hapa cha shahada. Nikafika kwenye kidole kidogo, nikasogea karibu nikakitazama tena.

Kimepinda kwa nje. Baba, kidole chako kilichopinda ni cha mkono wa kushoto. Kilibanwa na mlango wa chuma wa saluni na mimi nilikuwepo, nilikifunga kwa leso yangu ya shule. Umeulaza huo wa kushoto chali kwenye karatasi ili ufanane na wa kulia, ukanitumia.

Seremala alikuwa ananitazama anasubiri nimalizie. Nikamwambia samahani, nikatoka nje. Sijawahi kuaibika hivyo tangu nianze kazi hii. Wagonjwa wangapi nimewasimanga kwa huo mkono? Na mimi niliyekuandikia kwamba najivunia, ulipoisoma hiyo barua ulicheka?

Na aliyekushikia kalamu ni nani, shangazi? Mlikaa watu wazima wawili mezani mkishirikiana kunidanganya?

Sijui hata mkono wenyewe uko katika hali gani. Kama haujafanya chochote tangu Februari, basi wewe na mimi wote tunajua kitakachofuata, na sitaki kukiandika.

Mwanao

*

Nyumbani,
27 Machi

Mwanangu,

Ni shangazi yako. Barua yako kaka aliisoma, akaikunja, akaenda kulala mchana wa jua kali. Nami nikaichukua nikaisoma. Sikuombwa, na radhi siombi.

Kwanza mimi usiniingize. Sijachora kitu. Mimi ningetaka kukudanganya ningekudanganya vizuri zaidi, hicho kidole ningekinyoosha.

Pili, hakuteleza kwenye maji. Kipara anasingiziwa bure. Alipanda juu ya kile kiti chake kinachozunguka, kile anachowapigia watoto kelele wasikisimamie, eti arekebishe saa ya ukutani. Benchi limejaa wateja. Kiti kikazunguka, naye akazunguka nacho, akaja chini. Hilo peke yake lingemtosha kutotoka nyumbani.

Kisha chumba cha mazoezi. Alikwenda, ndiyo. Mara moja. Walimpa kikombe cha plastiki akiinue meza hii akiweke meza ile, mkono ukatetemeka, kikombe kikaanguka, kikaviringika mpaka miguuni pa dereva wa malori ambaye ni mteja wake wa miaka yote. Dereva akamwokotea. Akamwambia, "Pole mzee, kumbe ndiyo hivyo." Maskini hakuwa na ubaya. Lakini kaka alirudi hapa uso umemshuka, akaniambia nimfunge kitambaa shingoni, na hajakitoa tena ila wakati wa kuoga. Nikamuuliza mpaka lini? Akaniambia, "Dada, kinyozi akishaonekana mkono unatetemeka, nani atamkabidhi koo lake? Kikiwa shingoni, watu watajua ninaumwa. Nikikitoa, watajua nimekwisha."

Hujui mengine kwa sababu hukai humu. Mimi ndiye ninayemfunga vifungo vya shati, na vya suruali. Anafumba macho mpaka nimalize, kama mtoto anayesubiri sindano. Mimi ni dada yake, nimembeba mgongoni, lakini hilo halimsaidii.

Na siku ya mchoro alijifungia chumbani tangu chai ya asubuhi mpaka adhuhuri. Nilimsikia akigombana na kalamu. Inaanguka, anaiokota, inaanguka tena. Nikagonga, nikamuuliza kama anataka msaada. Akasema nisithubutu kufungua mlango. Alipotoka shati lilikuwa limelowa jasho mgongo mzima.

Umemkasirikia, una haki yako. Ila usimwache hapo.

Shangazi yako

*

Kazini,
4 Aprili

Baba,

Shikamoo. Naona haya kukuandikia baada ya yale maneno, lakini nitaona haya zaidi nikinyamaza. Nisamehe. Nilikuandikia kama mwalimu anayemshika mwanafunzi na karatasi ya mwenzake. Kumbe mtu alikuwa amejificha ndani ya nyumba yake mwenyewe, na mimi nilikuwa nampigia vigelegele kutoka mbali.

Shangazi ameniambia yote. Usimgombeze, ameniambia kwa sababu anakupenda na kwa sababu hawezi kunyamaza.

Nimerudi kuutazama ule mchoro. Baba, mkono ulioulaza kwenye karatasi ni wa kushoto. Na chumbani ulikuwa peke yako. Basi kalamu ilishikwa na nani?

Ni wa kulia. Ule ule usioweza kikombe. Umezungukia dole gumba, ukapanda ukashuka kila kidole, ukaangusha kalamu ukaiokota, mpaka mwisho wa kifundo. Nimeufuata mstari wako kwa kidole changu, nikaona pale ulipopumzika na pale ulipochoka. Ulikuwa unanidanganya, na wakati unanidanganya ulifanya zoezi ambalo wagonjwa wangu nawabembeleza wiki nzima na hawalifanyi. Sijui nicheke au nilie. Nimefanya yote mawili, mlango nimeufunga.

Sasa ukweli, maana mimi na wewe tumechoka na mengine. Muda tumeupoteza. Sidhani kiganja kitageuka chote kama zamani. Lakini mkono unaoweza kuzungushia kalamu vidole vitano haujafa, na nikuache uukaushe shingoni kwa sababu ya watu wa benchi? Siwezi.

Rudi chumba cha mazoezi. Na saluni, wembe muachie Kipara. Wewe shika brashi ya povu. Kuchota sabuni bakulini, kuzungusha brashi shavuni, chini ya kidevu, upande wa pili, hakuna zoezi nitakalokupangia likaushinda mzunguko huo. Brashi haikati mtu. Ikitetemeka, mteja atapata povu sikioni, basi.

Mwanao

*

Nyumbani,
13 Aprili

Binti yangu,

Marahaba. Sina la kujitetea. Ile barua uliyosema unajivunia mimi, sikuicheka. Niliiweka chini ya mto, halafu nikaona hata chini ya mto inanitazama, nikaihamishia kabatini.

Chumba cha mazoezi nimerudi. Nawavizia wakikaribia kufunga, wakati benchi limebaki tupu. Kikombe bado kinaanguka, lakini sasa kinaanguka mbele yangu na mtaalamu tu.

Ila la povu usinitwike. Povu ni kazi ya anayejifunza. Kipara nilimpakisha povu mwaka mzima kabla sijamruhusu kugusa wembe, na nilikuwa namcheka akipaka vibaya, tena mbele ya wateja, ili ajikaze. Leo nisimame kando yake niwapake povu wateja ambao ni wangu, kwenye kiti changu, naye anyoe? Na kila mtu pale aone brashi inavyorukaruka? Bora nifunge saluni nibaki na jina. Watu waseme alikuwa kinyozi mzuri, akavunjika mkono. Wasiseme mengine.

Nitafanya la beseni. Nitafanya la kikombe. Hilo nimeshindwa, mwanangu, na naona aibu kukuambia nimeshindwa kabla hata sijajaribu.

Baba yako

*

Kazini,
22 Aprili

Baba,

Sitakulazimisha. Ukishindwa nitabaki mwanao, na ukifunga saluni nitakuja tuifunge pamoja.

Lakini swali moja. Kipara ulipomcheka mbele ya watu mwaka ule mzima, na bado akarudi kila asubuhi, wewe ulimwona amekwisha?

Mwanao

*

Nyumbani,
17 Mei

Binti yangu,

Mistari hii miwili nimeiandika kwa mkono wa kulia, ndiyo maana inapanda mlima.

Sasa nimehamia kushoto, utasoma vizuri zaidi. Swali lako liliniudhi. Nilikaa nalo nikiwa na hasira, nikijiambia huyu mtoto nimemsomesha ili aje anibane hivi. Halafu hasira ikaisha, swali likabaki. Nilimwendea Kipara nikamuuliza mwenyewe, wakati tunafunga. Nikamwambia, "Hivi zamani nilipokuwa nakucheka, ulikuwa unajisikiaje?" Akaendelea kufagia nywele. Nikadhani hakusikia. Akasema, "Bosi, nilikuwa nikifika nyumbani sili." Akamaliza kufagia, akaniaga.

Sikulala vizuri. Kesho yake Jumamosi, saluni ikajaa. Nikasimama katikati ya watu nikajaribu kukitoa kitambaa shingoni, nikashindwa, maana dada hufunga fundo kama anafunga mzigo wa safari. Ikabidi nimwombe Kipara. Akaweka mashine chini, akaja nyuma yangu akanifungulia, mbele ya benchi zima. Mkono ulishuka wenyewe ukaning'inia pale, mwembamba, na kovu lake. Nikamwambia anayefuata aketi.

Aliyefuata alikuwa mgeni, mtu wa makamo, amevaa suti, sijui anakwenda kuposa au kushtakiwa. Nikashika brashi. Kuchota povu nikashindwa, kifundo hakilali vile. Kipara bila kusema neno akaliinua bakuli, akaliinamisha upande wangu. Nikachota. Nikaanza shavuni.

Mwanangu, mkono ulitetemeka kama haujawahi kumgusa binadamu. Povu likaingia sikioni, likafika kwenye nyusi, moja kwa moja puani. Yule bwana akapiga chafya, suti ikachafuka. Mmoja wa benchini akaanza kucheka, wenzake wakamtazama, akaacha, na huko kuacha kwake ndiko kulikoniuma zaidi. Yule mgeni akafungua macho, akanitazama kwenye kioo. Akaniuliza, "Mzee, unaumwa?"

Nilikuwa na majibu mengi. Ningesema ni baridi. Ningesema brashi ni mpya. Miezi yote hii kazi yangu ilikuwa kutunga majibu, wewe ndiye uliyekuwa unayapokea. Nikamjibu, tena kwa sauti, kwa sababu kiziwi hajui kunong'ona: "Ndiyo, ninaumwa. Nilipanda kiti hiki hiki nikaanguka, mkono ukavunjika na haujarudi. Wembe siwezi, atakunyoa mwenzangu. Mimi najifunza kupaka povu."

Yule bwana akatazama saa yake. Nikajua anaondoka, na kwa kweli niliomba aondoke. Akaegemeza kichwa, akafumba macho, akasema, "Basi endelea. Taratibu tu."

Lilibaki shavu la pili na chini ya kidevu. Machozi yalikuwa yananitoka na sina mkono wa kuyafutia, wa kushoto ulikuwa umeshika kichwa chake. Watu wote wananiona, Kipara ananiona, kioo kinaniona. Nilikufa kwa haya, binti yangu, lakini mkono sikuuondoa.

Baba yako